Mihogo Kumi na Moja kwenye Njia ya Umeme

Koboko, 12 Machi 2025

Zam, mke mwenzangu,

Mjukuu wangu, nakusalimu kwa mikono miwili, moja iko na unga, usijali ikichafua karatasi. Mimi niko mzima. Mguu wa kushoto tu ndio iko na siasa yake wakati wa mvua. Kuku iko tisa. Ilikuwa kumi, mmoja aliondoka na mgeni tumboni.

Barua hii inapanda basi mpaka Arua kwa kaka yako Shafiki, pale kibanda yake ya Onduparaka. Yeye ataipiga picha akutumie, na jibu yako ataandika kwa mkono anirudishie. Shafiki, kazi yako ni kupiga picha, si kusoma. Funga macho. Na kama mechi iko, tuma barua kwanza, ndio uende kupiga kelele.

Utauliza simu uliyonitumia iko wapi. Iko ndani ya kikapu, kuku anailalia. Kuchaji ni mpaka senta, pale madukani, nitembee asubuhi nzima, nikirudi nyumbani moto imebaki nusu. Mara ya mwisho ilikufa mdomoni mwangu nikikugombeza. Nilikuwa nimefika pale: "Zam, tangu uende huko Doha, wewe hujawahi hata siku moja..." Tii! Kioo ikawa nyeusi. Tangu siku ile gombezo nusu iko kifuani kwangu kama mfupa wa samaki. Basi naandika. Babu yako Sajini Taban alinifundisha herufi kambini Jinja, na karatasi haimalizi moto.

Sasa shika kiti. Umeme unakuja! Mwenyekiti Zubeiri aliita mkutano. Waya itatoka mjini, ipite kwetu, ifike kituo cha afya. Lakini watu wa mradi wamesema nguzo zinakwenda kwanza kule nyumba ziko tayari: waya ndani ya ukuta, swichi, kila kitu. Watu wakacheka. Nani huku anaweka swichi ya kitu ambayo haijafika? Mimi nilisimama nikasema, "Mimi niko na Zam." Halafu mama mmoja akasema yeye iko na mtoto Dubai. Mwingine, Riyadh. Mwingine, Juba. Walihesabu watoto kwa vidole mpaka mkutano ikawa kama asubuhi ya Idi.

Habari ya pili, nimeshinda vita. Nilikuwa Aroi siku nne kwa matanga. Kurudi, nakuta shamba yangu ya maharage, kutoka kijito mpaka barabara, imechomekwa vijiti kumi na moja, kichwa yake nyekundu. Majirani wakasema Nasur alionekana akitembea na wageni wenye kamba ya kupimia. Nasur! Yule jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba, mwaka ule wa nyoka! Alingoja niende kulia maiti ndio anikate shamba. Niling'oa vyote. Mama yangu alikuwa akisema tundu ya mwizi wa shamba hujibiwa kwa mmea, basi kila tundu nikaweka kijiti ya muhogo, ule mwekundu. Na vile vijiti vilikuwa vikavu kweli kweli. Maharage iliiva upesi.

Halafu nikaenda kwa Nasur, wakwe zake wamekaa, nikamwita mwizi wa mipaka mbele yao. Alichukua kofia yake, akatoka. Utamu!

Tuma pesa ya swichi. Kula. Usilale na nywele mbichi.

Mimi asiyeshindwa,
Mariam Poni


Doha, 29 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Huyo Mtanzania ninayelala naye chumba kimoja ndiye amenizoeza hiyo shikamoo, sasa siwezi kuanza bila yake. Mimi ni mzima. Kule dobi ya hoteli mashuka hayaishi, kila siku mlima mpya. Barua yako niliisoma katikati ya mashine mbili zinazonguruma, nikacheza hadi msimamizi akaja kuuliza nani amefiwa au nani ameolewa. Nikamwambia, bibi yangu anapata umeme.

Tuna kundi kwenye simu, sisi watu wa Koboko tulioko Ghuba. Niliandika habari ya nguzo, usiulize! Jumbe zilimiminika siku tatu. Kila mtu anataka nyumba ya mama yake iwe ya kwanza. Aliye Riyadh anabishana na aliye Dubai nani atamwekea mama yake taa ya nje. Nyumba ishirini na tatu, Bibi, zote zitawekwa waya na fundi mmoja kutoka Arua. Yangu nimetuma leo. Unachagua balbu ngapi?

Ila kuna jambo limenikaa. Vile vijiti vyenye vichwa vyekundu, vilikuwa na namba? Vilikuwa vimenyooka kwa mstari mmoja? Wale wageni wenye kamba walisema wametoka wapi? Nijibu hilo kwanza, kabla ya balbu.

Na malizia basi. Mimi sijawahi hata siku moja kufanya nini? Tangu simu yako ikatike ninajichunguza kama mtuhumiwa.

Mjukuu wako,
Zam


Koboko, 20 Aprili 2025

Zam, mke mwenzangu mwenye maswali mingi,

Salaam kutoka kwangu na kwa kuku nane. Usiulize. Mvua imenyesha vizuri, maharage iko na maua, na jirani yetu wa chini amepata mapacha, mmoja analia kama afande.

Fundi amekuja! Amechimba ukuta yangu kama panya, ameficha waya, amefunga, amepiga lipu. Balbu iko nne: chumbani, sebuleni, jikoni na moja nje, ile ya nje kubwa kuliko ya watu wa Riyadh. Swichi ni nyeupe kama jino. Kila asubuhi naibonyeza, ta! Hakuna kitu, lakini sauti yake ni tamu. Wanawake wanakuja kubonyeza. Nimewaambia wanawe mikono kwanza.

Lakini nguzo, mwanangu. Lori ilikuja, ndefu, watoto wa shule wote walikimbia nyuma yake wakiimba. Ilisimama senta siku mbili. Siku ya tatu ikageuka ikaenda kijiji kingine ng'ambo ya kijito. Hivi hivi, na nguzo zetu mgongoni! Serikali ndiyo hivyo. Serikali inakula hata mti. Zubeiri alisema labda watu wa mradi wanataka chai, tuchange. Nilimwambia, chai nitakunywa mimi, na sukari yangu.

Nasur hapiti tena njia yangu. Anazunguka mbali.

Gombezo ile haiandikiki, inataka sauti. Na mambo ya vijiti, vijiti ni vijiti. Barua hii inapita kwa macho ya Shafiki.

Mariam Poni


Doha, 11 Mei 2025

Shikamoo Bibi,

Poleni. Poleni sana. Mimi ni mzima lakini nina hasira hadi joto la Doha naliona baridi.

Nyumba ishirini na tatu! Watu wametoa jasho lao la miezi, swichi ziko ukutani, na nguzo zinapewa wengine? Bibi, sikunyamaza. Nimeandika kwenye kundi kila ulichosema. Mmoja wetu alipata jina la injinia aliyehusika na upande wetu, anaitwa Annet Driwaru, ana ofisi Arua Hill. Nikaandika: huyu ndiye ameuza nguzo za mama zetu. Barua imetiwa sahihi na watu mia mbili na kumi walioko nje, imepelekwa wilayani, kwa wakubwa wa mradi, hata redioni imesomwa. Zamani mtu wa kijijini akilalamika nani alisikia? Sasa wanasikia, maana wanajua pesa inatoka wapi.

Na nimechoka kungoja watu hao. Nimeona dukani sola nzuri, kibao kimoja na taa tatu, na mahali pa kuchajia simu. Nikununulie? Wewe uwake, hao wengine watajijua.

Swali langu la Machi bado liko palepale. Vilikuwa na namba?

Na sijawahi hata siku moja nini?

Zam


Koboko, 1 Juni 2025

Zam,

Salaam. Niko mzima. Mguu unauma. Kuku iko nane.

Sola, lete. Lete upesi. Mambo ya nguzo achana nayo, nguzo ni mti tu. Yule msichana wa Arua Hill nani alikwambia umtaje jina? Mimi nilisema serikali. Serikali haina mama, haitalia. Msichana iko na mama.

Mkono umechoka.

Mariam Poni


Doha, 13 Juni 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako ilikuwa fupi hadi Shafiki alipiga picha upande wa pili wa karatasi, akidhani kuna mengine.

Sola imetoka Arua jana, utaipokea kabla ya barua hii. Tumia kwa amani.

Lakini Bibi, lazima nikwambie. Injinia Annet amesimamishwa kazi. Tarehe ishirini na nane kutakuwa na mkutano wa watu wote kwenu, aje ajibu mbele ya wananchi, na akishindwa anafukuzwa. Kundi letu linashangilia. Mimi nilishangilia siku moja. Siku ya pili akaniandikia mwenyewe. Hakunitukana. Aliandika hivi: "Dada Zam, niliweka vigingi kumi na moja kwa mkono wangu, vyekundu, kila kimoja na namba yake, kutoka kijitoni hadi barabarani. Mzee Nasur alinionyesha njia. Timu ya nguzo ilipofika hawakukuta hata kimoja. Bila vigingi hawaruhusiwi kuchimba, na kupima upya kuna foleni, kwa hiyo lori likapelekwa penye vigingi. Ningekuwa mwizi ningeiba kitu chenye faida."

Kumi na moja, Bibi. Kutoka kijitoni hadi barabarani.

Sikuulizi tena habari za namba. Nakuuliza swali moja tu: yale maharage uliyapikia nini?

Jina lake nimelichafua mimi, kwa kidole changu hiki. Lakini wino ulitoka kwako.

Zam


Koboko, 30 Juni 2025

Zam, mke mwenzangu, roho yangu,

Salaam nyingi, beba kwa karai. Keti. Barua hii ni ndefu, na Shafiki anaruhusiwa kusoma, maana Koboko nzima inajua tayari.

Niliijua, Zam. Tangu uliponiuliza namba, nilijua. Niliingia banda ya kuku. Kijiti kimoja sikukichoma, nilikitumia kukaza mlango. Nikakigeuza. Iko na namba saba, imeandikwa vizuri, hata mimi wa herufi za kambini niliisoma. Niliketi kati ya kuku muda mrefu. Halafu nikakirudisha, namba ikitazama ndani.

Niseme nini? Nilikuwa nimemwita mutu mwizi mbele ya wakwe zake. Mimi, mjane wa Sajini. Mimi niliyesimama kwenye mkutano nikasema niko na Zam. Nirudi niseme nguzo zenu nilipikia maharage? Ulipotaja sola nikaona mlango wa kutokea. Niwake mimi, wao wasahau. Ilikuja, fundi akaipandisha juu ya bati, jioni ile taa tatu zikawaka pe! Nilipiga vigelegele peke yangu. Hakuna aliyeitikia. Watu walipita barabarani wakitazama nyumba yangu kama wanatazama harusi ya watu wengine.

Siku ya pili asubuhi nilikuwa shambani. Nikamwona mke wa mtoto wa Nasur anarudi kutoka kituo cha afya na mtoto mchanga mgongoni. Nikamuuliza, sindano amepata? Akasema friji ya dawa haina gesi, wameambiwa waende mjini Koboko kwa miguu. "Wangekuwa na umeme, mama, tungekuwa tumemaliza," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alipita katikati ya mihogo yangu, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na moja, mtoto yake anacheka na majani. Zam, jembe ilianguka mkononi mwangu.

Basi siku ya mkutano ikafika. Turubai ilifungwa pale uwanja wa shule. Watu! Hata wa ng'ambo ya kijito walikuja kuona mwizi wa nguzo. Yule msichana aliketi peke yake mbele, viatu vya matope, mikono juu ya magoti. Mdogo, Zam. Umri wako. Mama yake alikuwa amekuja naye kutoka Arua, ameketi nyuma yake na kikapu.

Zubeiri akamwambia aseme. Akasema kama alivyokuandikia. Mutu mmoja akapiga kelele, "Kwani vigingi vina miguu?" Watu wakacheka vibaya. Mwingine akasimama: "Nasur ndiye alitembea nao! Hata Mama Mariam alisema ni mwizi wa mipaka! Nasur alivificha!" Wakaanza, "Nasur! Nasur!"

Nasur hakusimama. Alinitazama mimi tu. Na macho yake ilikuwa inacheka.

Nilisimama. Nikafungua kitenge, nikatoa kijiti.

Nikasema, "Namba saba iko hapa. Kumi nilipikia maharage."

Watu mia tatu wakanyoosha shingo kutazama kijiti.

Nikasema, "Nilikuwa matangani, nikadhani Nasur ananikata shamba. Nasur si mwizi. Huyu binti si mwizi. Mjukuu wangu hana kosa, aliandika alichoambiwa. Mwongo ni mimi, na mimi ni mzee, msinipige sana."

Zubeiri akauliza, "Miezi mitatu, mama? Ulikaa kimya miezi mitatu?"

"Wewe ulitaka kuchanga chai," nikamwambia. "Tungenywesha chai watu wasio na kosa. Hilo nalo andika."

Hapo ndipo Nasur aliposimama. Polepole, kama analipwa kwa dakika. Akasema, "Mariam, yale maharage yalikuwa matamu?"

Nikasema, "Yaliiva upesi."

Zam, watu walianguka. Walicheka mpaka nguzo ya turubai ikayumba. Hata mama wa injinia alifunika uso na kikapu. Nikamwambia Nasur, "Wewe ulijua?" Akasema, "Nilijua tangu Machi. Nilipita nikaona mihogo inaota mahali pa vigingi. Lakini nilitaka nisikie kwa mdomo wako. Nimezunguka mbali miezi mitatu nikingoja wimbo huu, na sasa naomba uurudie." Mutu mbaya yule. Niliurudia.

Lakini injinia hakucheka. Alikuwa ameshika kile kijiti namba saba kama amepata mtoto aliyepotea. Akaniuliza, "Mama, matundu je? Unakumbuka hata moja lilikuwa wapi?"

Nikasema, "Binti, mimi siachi tundu wazi. Twende."

Tulikwenda wote. Kutoka shule mpaka kijitoni, watu mia tatu, watoto mbele. Na pale, kati ya maharage, ikasimama mihogo yangu myekundu, imefika kifuani, mmoja baada ya mwingine, imenyooka kama askari wa babu yako siku ya gwaride! Injinia akaweka chombo yake ya miguu mitatu, akafumba jicho moja. Akatazama. Akatazama tena. Akasema, "Iko sawa. Mama, iko sawa kabisa!" Wa nne peke yake ulikuwa hauko, mbuzi aliula, lakini nilivua kiatu nikautafuta kwa kidole cha mguu mpaka nikapata shimo. Akapiga vigingi vipya hapo hapo, kwa nyundo, kando ya kila muhogo, na watu wakihesabu kwa sauti. Kumi na moja! Wanawake wakapiga vigelegele, na safari hii ziliitikiwa mpaka ng'ambo.

Wazee wamenitoza adhabu. Kuku mmoja kwa Nasur, mbele ya wakwe zake wale wale. Na wachimbaji wa nguzo wakija, maharage napika mimi kila siku mpaka wamalize shamba yangu. Kuni inakaguliwa na Nasur mwenyewe.

Ile sola nimeishusha. Nimepeleka kituo cha afya, taa tatu zote ziko chumba cha kuzalia. Muuguzi alikuwa akishika tochi kwa meno, sasa meno yake ni ya kuzungumza. Usikasirike. Mimi nangoja na wenzangu.

Sasa na wewe ufanye yako. Uliandika jina ya msichana wa watu mbele ya mia mbili na kumi. Lifute mbele ya wale wale.

Mariam Poni, mshindwa


Doha, 16 Julai 2025

Shikamoo Bibi yangu,

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia, mara tatu nilicheka hadi chumba kizima kikaamka, na huyo Mtanzania anataka kukuoza kwa baba yake.

Nimelifuta. Niliandika kwenye kundi: "Mimi Zam nilimsingizia Annet Driwaru. Hakuuza nguzo. Vigingi viling'olewa na bibi yangu mzaa baba, kwa sababu ya mpaka." Tulituma barua nyingine wilayani, kwa wakubwa na redioni, sahihi mia mbili na nane. Wawili waliona aibu kukiri. Annet amerudi kazini. Aliniandikia neno moja tu: "Nimesikia." Sikutegemea zaidi. Juzi akaongeza: "Bibi yako ana mkono ulionyooka kuliko kamba zetu."

Kuna lingine nililoficha. Niliposikia lori limeondoka nilikuwa nimekubali kuongeza mkataba miaka miwili, ili ninunue sola na vingine. Karatasi ilikuwa mezani, bado kalamu. Nimeichana. Mkataba wangu unaisha Disemba kama ulivyokuwa.

Umeniambia yote, Bibi, isipokuwa lile. Sijawahi hata siku moja kufanya nini?

Zam


Koboko, 9 Oktoba 2025

Zam wangu,

Nakuandikia bila kukodoa macho, na nje ni giza!

Umewaka! Juzi Jumanne! Nguzo zilifika Agosti, nimepika maharage sufuria kubwa siku tisa. Wachimbaji wananiita Mama Kigingi, nimewazoea. Walipofika muhogo wa saba mmoja akaniuliza, "Tuung'oe kweli?" Nikasema ng'oa, umemaliza kazi yake. Waya ikapanda, ikapita, tukangoja wiki, wiki nyingine. Jumanne saa nane mchana niko jikoni nakoroga ugali, balbu juu ya kichwa yangu ikafanya pwaa! Nilitupa mwiko. Nilikimbia nje, Zam, mguu ule na yote. Na nani anakimbia kutoka upande wa pili wa mpaka? Nasur, bila kofia! "Kwako iko?" "Iko! Kwako iko?" "Iko!" Tulishikana mikono katikati kama watoto wa darasa la kwanza. Halafu tukakumbuka tuko mchana, tukazima, tukaketi kungoja jioni. Kijiji kizima ilikaa nje ikingoja jua lizame. Sijawahi kuona watu wanalifukuza jua hivyo.

Friji ya dawa inanguruma pale kituo. Mtoto mchanga wa kwao Nasur amechomwa sindano, alipiga kelele nzuri.

Simu nimemnyang'anya kuku. Imejaa moto mpaka juu. Nimekupigia mara tatu nimalize gombezo yangu, haujibu, uko na mashuka yako. Basi naandika, imenichosha kifuani.

Ilikuwa hivi: Zam, tangu uende huko Doha, wewe hujawahi hata siku moja kuniomba kitu. Simu umetuma, bati umetuma, swichi, sola, dawa ya mguu. Mimi nimekuwa mutu wa kupokea tu, mkono umekaa hivi kama kibakuli. Mimi siyo maskini, Zam. Mimi niko na shamba kutoka kijito mpaka barabara. Omba kitu! Mtoto mkaidi wewe, omba!

Mariam Poni


Doha, 21 Oktoba 2025

Shikamoo Bibi,

Kuna mama wa Arua anarudi huku mwezi ujao. Naomba unga wa ile mihogo yako ya vigingi. Usinitumie kidogo.

Utakaobaki uniwekee. Disemba nakuja kuusonga mwenyewe, chini ya ile taa ya nje.

Zam